Kupaka bakteria kingamwili zenye mng'aro: mwongozo kamili kwa maabara ndogo za Pwani

Vijana wanaojifunza kazi hii hapa Lamu huniletea slaidi za aina mbili. Moja inawaka kila mahali, bakteria na vumbi pamoja. Nyingine ni giza tupu. Na karibu kila mara mwenye slaidi huishuku taa ya hadubini. Taa mara nyingi haina kosa. Kosa liko kwenye kingamwili, ile protini ya damu inayonasa vijidudu: ameipaka bila kujua ni sehemu gani yake inayomshika bakteria, na ni sehemu gani inayoshikwa na rangi.

Nitaeleza njia ya kingamwili mbili. Ya kwanza, ya sungura, humshika bakteria. Ya pili, ya mbuzi, iliyofungwa floresini, rangi inayong'ara kijani, huishika ile ya kwanza. Mfano wetu ni E. coli, bakteria wa kinyesi, aliyeoteshwa kutoka maji ya kisima, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayotujia zaidi katika mji huu wenye visima na vyoo vya shimo vilivyokaribiana.

Vifaa

Andaa vyote kabla hujaanza. Katikati ya kazi hakuna nafasi ya kutoka kwenda kutafuta kitu.

- Slaidi zenye vishimo vya milimita 8, au slaidi za kawaida uliozichorea duara kwa kalamu ya nta
- Kava slipu, pipeti na vichwa vyake, beseni la kuoshea slaidi
- Maji yaliyotoneshwa. Maji ya bomba na ya kisima hapa yana chumvi zake, yaache
- Bafa ya PBS, yaani maji ya chumvi yanayotuliza pH: kwa lita 1, chumvi ya sodiamu kloraidi gramu 8, potasiamu kloraidi gramu 0.2, disodiamu haidrojeni fosfeti gramu 1.44, potasiamu dihaidrojeni fosfeti gramu 0.24. Fosfeti zote mbili ziwe zile zisizo na maji ndani yake. pH iwe 7.4
- Methanoli safi
- Albumini ya ng'ombe, asilimia 1 ndani ya PBS
- Kingamwili ya kwanza ya sungura, na seramu (maji ya damu) ya sungura wa kawaida ambaye hakuchanjwa
- Kingamwili ya pili ya mbuzi yenye floresini
- Gliserini asilimia 90 ndani ya bafa ya pH 8.5 hadi 9
- Kontena la plastiki lenye mfuniko na karatasi za shashi
- Hadubini ya mng'aro yenye chujio la bluu, na mafuta ya lenzi yasiyong'ara

Kingamwili zetu hufika kwa boti kutoka Mokowe. Mtu anayekwenda kuzipokea awe na sanduku la barafu mkononi, si ahadi ya kuwa barafu itapatikana gatini. Chupa ikifika, igawe siku hiyo hiyo katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja. Kingamwili isiyo na rangi ihifadhi kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ile yenye rangi fuata lebo yake, na uifunge kwa karatasi ya foili. Kugandisha na kuyeyusha tena na tena huzifanya kingamwili zishikamane mafungu mafungu, na mafungu hayo ndiyo nukta zinazong'ara ovyo kwenye slaidi.

Angalia pia kama chupa ina sodiamu azaidi. Ni sumu. Usiichanganye na asidi, wala usiimwage kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, kwa sababu hujikusanya humo na yaweza kulipuka.

Kabla ya yote: soma lebo ya kingamwili

Hapa ndipo pa kutulia. Ukipaelewa hapa, zaidi ya nusu ya matatizo yako yatakwisha.

Chukua panda ya manati. Ina ncha mbili juu na mpini chini. Kingamwili ya aina ya IgG, iliyo nyingi zaidi kwenye damu, ina umbo hilo. Imeundwa kwa minyororo minne ya protini: miwili mizito, kila mmoja kama kilodaltoni 50 (kipimo cha uzito wa protini), na miwili myepesi, kila mmoja kama 25. Jumla ni kama 150. Mnyororo mzito huanzia mpinini na kupanda hadi nchani. Mnyororo mwepesi uko kwenye ncha tu, umelala ubavuni mwa ule mzito. Vifungo vya salfa ndivyo vinavyoishikiza pamoja.

Anayemshika bakteria ni ncha, na mahali pa kushikia pameundwa na minyororo yote miwili kwa pamoja. Ukiitenganisha, ule mzito peke yake hubaki na sehemu ya uwezo wa kushika. Ule mwepesi peke yake kwa kawaida huwa dhaifu sana. Ndiyo sababu dawa kama merkaptoethanoli, inayokata vifungo vya salfa, haitakiwi karibu na kingamwili zako. Usitumie pipeti iliyotoka kwenye dawa hiyo, hata kama unaiona safi.

Mpini ni mnyororo mzito mtupu. Haumtambui bakteria yeyote. Tatizo ni kwamba wapo bakteria wanaoutambua wao. Staphylococcus aureus ana protini A juu ya ukuta wake, na protini hiyo huunasa mpini wa IgG ya sungura kwa nguvu, bila kujali kingamwili hiyo ilitengenezwa dhidi ya nani. Baadhi ya streptokoka, wa kundi C na G, wana protini G yenye tabia kama hiyo.

Nilijifunza haya kwa uchungu. Sampuli ya kisima kimoja iliwaka kijani safi, nikaanza kujaza fomu kuwa ni E. coli wa aina tuliyokuwa tukimtafuta. Mwenzangu akaniuliza, "Mbona wamekaa vichala?" Nikaangalia tena. Walikuwa mviringo, wamekusanyika kama zabibu, wakati E. coli ni kijiti. Ilikuwa Staphylococcus, pengine kutoka mkono wa mchotaji. Kingamwili yangu ilishikwa kwa mpini, nami nilikaribia kuwaambia watu wafunge kisima kwa sababu isiyokuwepo.

Basi soma lebo ya kingamwili ya pili. Utakuta mojawapo ya haya:

*H+L.* Hii hushika mnyororo mzito na mwepesi pia. Hung'ara zaidi kwa sababu ina pengi pa kushika. Lakini minyororo myepesi ya IgG ni ya aina zile zile zilizomo kwenye IgM na IgA, aina nyingine za kingamwili, kwa hiyo itazishika na hizo. Kama kingamwili yako ya kwanza ni IgG iliyosafishwa, hii inatosha na ndiyo ninayoipendekeza.

*Gama, au Fc.* Hii hutafuta mnyororo mzito wa IgG peke yake, na ikiandikwa Fc, ni mpini tu. Itakufaa ukitumia seramu nzima na unataka kujua kilichoshika ni IgG, si IgM. Seramu ya sungura aliyechanjwa karibuni huwa na IgM nyingi. Ukiipaka kisha ukatumia ya gama, slaidi itakuwa hafifu ingawa bakteria wameshikwa vizuri.

*F(ab')2.* Hii ni kingamwili iliyokatwa mpini kwa kimeng'enya cha pepsini, zikabaki ncha mbili zilizoungana. Haina cha kunaswa na protini A. Ukishuku kuna Staphylococcus kwenye sampuli, hii ndiyo dawa, hasa kwa kingamwili ya kwanza ya sungura. Kingamwili ya kuku nayo hainaswi na protini A, ila utahitaji kingamwili ya pili inayotambua ya kuku.

Na sasa mtego uliowanasa wengi: mtu ananunua kingamwili ya kwanza iliyokatwa mpini, kisha anaipaka kingamwili ya pili ya Fc. Ya pili inautafuta mpini uliokwisha kukatwa. Slaidi inakuwa giza, na hadubini inalaumiwa. Ukikata mpini wa ya kwanza, ya pili lazima iwe H+L au ile inayotambua ncha.

Hatua ya 1: Otesha na uoshe bakteria

Usipake maji ya kisima moja kwa moja. Tufanye hesabu. Kwenye kishimo cha milimita 8 chenye mikrolita 10 za sampuli, ukiona bakteria mmoja katika kila duara unaloliona hadubinini kwa ukuzaji wa mara 1,000, maana yake mililita 1 ina bakteria kama 180,000. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba E. coli asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kwa hiyo slaidi yaweza kuwa tupu na maji yakawa machafu sana. Otesha kwanza.

Tumia bakteria wa saa 18 hadi 24. Wakoroge ndani ya PBS, wazungushe kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, rudia mara tatu. Unaondoa protini za chakula walichooteshewa na ute wao. Ute ukibaki, slaidi itakuwa na ukungu wa kijani.

Linganisha ukungu wa maji hayo na kiwango cha ukungu kiitwacho McFarland 0.5, ambacho ni kama bakteria milioni 150 kwa mililita, kisha punguza mara kumi. Utapata makumi kadhaa hadi mia hivi katika kila duara la hadubini.

*Umefaulu ukiona:* maji yenye ukungu hafifu sana, yasiyo na vipande.

Anayejifunza aanze na E. coli asiyedhuru. Aina hatari kama O157 ziache kwa maabara yenye kinga zinazostahili.

Hatua ya 2: Paka na ukaushe

Futa slaidi kwa spiriti. Weka mikrolita 10 kwa kila kishimo, tandaza kwa ncha ya pipeti bila kukwaruza kioo.

Acha ikauke kabisa. Siku za unyevu mwingi, hewa yetu hapa haikaushi kitu upesi. Nusu saa yaweza kupita na katikati ya tone bado pana unyevu usiouona kwa macho. Iinamishe slaidi dirishani: ikiwa pana sehemu inayometameta, bado. Tumia kikaushio cha nyuzi 37 hadi 45. Tone lenye unyevu likiingia methanoli, bakteria huondoka wakati wa kuosha na utabaki na kishimo kitupu.

Hatua ya 3: Wagandishe kwenye kioo

Zamisha kwenye methanoli dakika 10, kausha hewani. Methanoli hushika moto upesi na mvuke wake ni sumu, fungua madirisha na uzime jiko la spiriti.

Kuna wanaopitisha slaidi juu ya moto. Antijeni ni sehemu ya bakteria inayoshikwa na kingamwili. Kwa antijeni O iliyo kwenye ukuta wa nje, moto hauna madhara makubwa, maana antijeni hiyo huvumilia joto. Antijeni H ya mikia haivumilii. Ukipika slaidi halafu ukatumia kingamwili ya H, utapata giza. Na kama bakteria ana koti la antijeni K, linaweza kuifunika O. Hapo itabidi uwachemshe kwanza ndani ya PBS ndipo O ionekane.

Hatua ya 4: Ziba nafasi tupu

Weka albumini asilimia 1, dakika 30. Kioo na bakteria wana mahali pengi panaponata protini yoyote inayopita, na bora panate albumini isiyo na rangi kuliko kingamwili yenye rangi. Mimina ziada, usioshe.

Onyo: kama kingamwili yako ya pili ilitengenezwa dhidi ya mbuzi au kondoo, usizibe kwa bidhaa ya ng'ombe. Kingamwili za wanyama hawa zinafanana mno.

Hatua ya 5: Kingamwili ya kwanza, na slaidi za kulinganisha

Punguza kwa PBS yenye albumini. Usikisie kipimo. Siku ya kwanza jaribu 1:50, 1:100, 1:200 na 1:400 za kingamwili ya kwanza, kila kimoja dhidi ya vipimo viwili au vitatu vya ya pili. Chagua kile kinachotoa bakteria waangavu kwenye kioo cheusi, hata kama kipimo kizito zaidi kinawaka zaidi. Kipimo kizito hujaza kioo chote mng'aro.

Pamoja na sampuli, paka vishimo hivi kila siku ya kazi, bila kuruka hata kimoja:

1. Bakteria bila kingamwili yoyote
2. Bakteria na kingamwili ya pili tu
3. Bakteria na seramu ya sungura wa kawaida, kwa kipimo kile kile, kisha ya pili
4. Bakteria unayejua kwa hakika kuwa ndiye
5. Bakteria unayejua kuwa siye, kama Klebsiella

Najua kingamwili ni ghali na vishimo hivi vitano vinauma mfukoni. Lakini jibu lisilo na vishimo hivi silikubali, na nawe usilikubali.

Weka mikrolita 20 kwa kila kishimo. Laza slaidi ndani ya kontena lenye shashi iliyoloweshwa, funika, nyuzi 37, dakika 30.

Hapa tone lisikauke kamwe. Watu hushangaa nikisema hivyo wakati unyevu hapa ni wa kuloanisha nguo kabatini. Lakini slaidi iliyo wazi chini ya feni ya dari hupoteza tone la mikrolita 20 kabla ya nusu saa. Kingo hukauka kwanza, kingamwili hujikusanya hapo, na utaona pete kubwa ya kijani kuzunguka kishimo huku katikati pakiwa hafifu. Ukiiona pete hiyo, tupa slaidi. Kuosha hakutaiokoa.

Hatua ya 6: Osha

PBS, mara tatu, dakika 5 kila mara, bafa mpya kila safari. Mimina kando ya slaidi, si juu ya vishimo. Maji ya kishimo kimoja yasivuke kwenda kingine, la sivyo kishimo cha pili na cha tatu vitakudanganya. Kausha nafasi kati ya vishimo kwa shashi, vishimo vyenyewe viache na unyevu.

Hatua ya 7: Kingamwili ya pili

Kwanza zungusha kichupa kwenye sentrifuji kwa kasi kubwa dakika 5, uchukue maji ya juu tu. Mafungu yaliyoshikamana yatabaki chini.

Zima taa, funga pazia. Mikrolita 20, dakika 30, ndani ya kontena lililofunikwa foili. Kisha osha kama hatua ya 6, gizani vilevile. Floresini hufifia kwa mwanga, na jua la dirishani Lamu saa sita mchana si la kuchezewa.

Kama sampuli ina takataka zinazong'ara zenyewe, ongeza bluu ya Evans asilimia 0.01 kwenye kingamwili ya pili. Takataka zitaonekana nyekundu na bakteria watabaki kijani.

Hatua ya 8: Funika

Tone dogo la gliserini yenye bafa, kisha kava slipu bila mapovu. pH ndiyo siri. Floresini hung'ara vizuri kwenye alkali na hufifia sana kwenye asidi. Gliserini iliyokaa muda mrefu wazi hupoteza pH yake. Ipime kila mwezi, na ikishuka chini ya 8 tengeneza mpya. Nimeona watu wakibadilisha kingamwili mara tatu wakati kosa lilikuwa kwenye chupa ya gliserini.

Hatua ya 9: Soma slaidi

Floresini hupokea mwanga wa bluu wa kama nanomita 495 na kutoa kijani cha kama 520. Taa ya LED ya bluu inatosha na haihitaji kupashwa moto. Kama mna taa ya zebaki, umeme ukikatika usiiwashe tena mpaka ipoe, kama nusu saa.

Anza na kishimo namba 4. Slaidi nzuri ina kijiti cheusi katikati chenye ukingo wa kijani-manjano unaowaka, kama pete nyembamba iliyorefushwa. Ukingo ndiko antijeni iliko. Bakteria aliyejaa kijani mwili mzima bila ukingo mtilie shaka.

Kisha vingine:

*Namba 1 inawaka:* bakteria ana mng'aro wake mwenyewe. Pseudomonas, wanaopatikana sana kwenye maji, wana rangi yao ya kijani-manjano. Jaribu rangi nyingine badala ya floresini.

*Namba 2 inawaka na 1 haiwaki:* kingamwili ya pili inanata yenyewe. Ipunguze zaidi, zungusha tena, ongeza muda wa kuziba.

*Namba 3 inawaka na 2 haiwaki:* hapa ndipo mpini unaponaswa, au sungura wa kawaida alikuwa na kingamwili zake za asili dhidi ya bakteria huyo. Angalia umbo. Wakiwa vichala vya mviringo, ni mpini. Badili, tumia F(ab')2. Wakiwa vijiti, punguza seramu hadi namba 3 izime na namba 4 ibaki.

*Namba 5 inawaka, 3 haiwaki:* ncha zenyewe zinashika jamaa wa karibu. Hili ni kweli na si kosa la mkono wako. Kingamwili za O157, kwa mfano, hushika pia baadhi ya Citrobacter freundii na Escherichia hermannii. Thibitisha kwa vipimo vya kemia ya bakteria kabla ya kutamka jina.

*Namba 4 ni giza:* rudi kwenye lebo, linganisha ncha na mpini, kisha pima pH ya gliserini. Taa iwe ya mwisho.

Andika mng'aro kwa daraja la 0 hadi 4+, na usihesabu chini ya 2+ kuwa chanya. Piga picha mapema, maana kila dakika chini ya taa ya bluu inakula rangi. Kwenye fomu andika namba ya kichupa cha kila kingamwili, vipimo vyake, neno lililo kwenye lebo ya ile ya pili, na matokeo ya vishimo vyote vitano. Kumbuka pia kuandika kwamba kipimo hiki hakitofautishi bakteria hai na aliyekufa. Kama kisima kilitiwa dawa jana, waliokufa nao watang'ara, na mwenye kisima ana haki ya kulijua hilo kabla hujamwambia maji yake ni machafu.

Ukimaliza, futa mafuta kwenye lenzi kwa karatasi yake, funika hadubini na uiweke kabatini na mfuko wa silika. Unyevu wa Pwani huotesha kuvu juu ya lenzi, na kuvu ikishaingia ndani ya kioo, ukungu utakaouona wiki ijayo hautakuwa wa kingamwili.